Kuziba mianya katika gereji inayogeuzwa chumba cha muziki: mwongozo kwa mwenye nyumba wa Kisumu

Mtu anayegeuza gereji yake kuwa chumba cha mazoezi ya kwaya au studio ndogo ya kurekodia, iwe Migosi, Mamboleo au Riat, kwa kawaida huanza kwa kufikiria cha kubandika ukutani. Hununua sponji ya godoro, hukusanya trei za mayai, huzipanga ukuta mzima, kisha hushangaa jirani anapobisha hodi usiku uleule. Trei za mayai na sponji nyepesi hupunguza mwangwi ndani ya chumba tu. Hazizuii sauti isitoke nje, na sponji ya godoro ya kawaida hushika moto upesi na kutoa moshi wenye sumu. Kinachozuia sauti ni ukuta mzito usio na tundu. Gereji ya mawe au ya matofali ya kuchoma tayari ina uzito huo. Inachokosa ni kule kufungika kabisa, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuifunga kwa gundi ya kuziba, kazi ambayo ni ya bei nafuu kuliko nyingine zote katika mradi kama huu na ambayo wengi huiruka.

Kwa nini mwanya mdogo huharibu ukuta mkubwa

Popote hewa inapopenya, sauti hupenya pia. Chukua ukuta wenye urefu wa mita 5 na kimo cha mita 2.4, uliojengwa kwa matofali na kupigwa plasta pande zote mbili. Ukuta wa namna hiyo ukiwa mzima unaweza kupunguza sauti kwa takriban desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Sasa acha mwanya wa milimita 2 chini yake, kutoka kona hadi kona. Eneo la mwanya huo ni sentimita 100 za mraba, ambalo halifiki hata sehemu moja kwa elfu ya ukuta, lakini ukuta wote sasa hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 31 hivi. Kwa kuwa sikio huhisi tofauti ya desibeli 10 kama sauti iliyoongezeka maradufu, jirani anasikia kelele zaidi ya mara mbili kwa sababu ya mwanya mwembamba kiasi hicho.

Ni vyema pia ujue mapema kuziba kunaweza kukufikisha wapi. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009, ambazo husimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, zinaweka kiwango cha desibeli 35 kwa maeneo ya makazi usiku, na kwa mujibu wa kanuni hizo usiku huanza saa mbili. Bendi ya kanisa yenye ngoma na gitaa la besi hufikia desibeli 95 au zaidi katika chumba kidogo, kwa hiyo ukuta mmoja, hata ukizibwa vizuri namna gani, hautatosha peke yake kwa mazoezi ya saa tatu usiku karibu na dirisha la jirani. Utahitaji ukuta wa pili wa ndani wa bodi za jipsamu. Hata hivyo, ukuta huo wa pili ukijengwa juu ya mianya iliyoachwa wazi ni fedha iliyotupwa, na baada ya bodi kupigwa misumari hutaweza kuifikia mianya hiyo tena. Ndiyo maana kazi ya kuziba hutangulia, na hurudiwa kwa kila tabaka linaloongezwa.

Kutafuta mianya

Fanya kazi hii usiku. Zima taa za ndani, mwombe mtu azunguke nje na tochi kali akimulika taratibu kwenye maungio ya ukuta na paa, pembeni mwa milango, na chini ya madirisha, nawe ukiwa ndani weka alama ya chaki kila unapoona mwanga. Tochi huonyesha mianya iliyonyooka, lakini haionyeshi ile inayopinda ndani ya ukuta. Kwa hiyo washa dawa ya mbu ya koili, funga milango yote, na uipitishe polepole kando ya kila kiungo. Moshi ukiyumba au ukivutwa upande mmoja, hapo pana njia. Mwisho, weka redio nje ikiwa haijashika stesheni yoyote, ile sauti ya mvumo mtupu, kisha weka sikio karibu na ukuta na ulisogeze kama anayesikiliza mbao zenye mchwa. Mvumo huo una sauti nyembamba na nzito kwa pamoja, na zile nyembamba ndizo zinazojitokeza waziwazi kwenye mwanya.

Katika gereji za hapa mianya huwa mahali palepale kwa kiasi kikubwa. Mikubwa kuliko yote ni matundu ya hewa yaliyojengwa juu ya madirisha na milango, ambayo huachwa wazi moja kwa moja. Baada ya hayo ni juu ya ukuta, pale mbao ya kenchi inapolala juu ya mawe na mabati yenye mikunjo yanapopita juu yake, kwa kuwa kila mkunjo wa bati ni dirisha dogo. Kisha kuna mlango wa chuma wa mabawa mawili, ambao fundi wa kuchomelea huuacha na nafasi pande zote ili ufunguke kwa urahisi. Sakafu ya gereji nayo huinamishwa kuelekea mlangoni ili maji yatoke, hivyo mbao yoyote iliyonyooka ikilazwa juu yake huacha pengo linalopanuka kadiri unavyosogea. Vioo vya madirisha ya chuma hushikwa na pati ambayo hukauka, hupasuka na kudondoka baada ya miaka. Pia kuna mabomba ya nyaya za umeme, ambayo yanastahili maelezo yake hapo chini.

Kwa wanaoishi sehemu zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama uwanda wa Kano na baadhi ya mitaa ya chini mjini, ongeza nyufa za ukuta zenyewe. Udongo huo huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na ukuta hucheza nao. Ufa wa aina hiyo ukizibwa kwa saruji hufunguka tena msimu unaofuata. Unahitaji gundi inayonyumbuka.

Kuchagua gundi

Ukiingia hadiwea na kuomba silikoni tu, yaelekea utapewa ile ya vioo na masinki, yenye harufu kali ya siki inapokauka. Hiyo haifai kwenye saruji, mawe wala plasta, kwa kuwa asidi yake hupambana na chokaa iliyomo ndani yake na baada ya muda gundi hubanduka. Pia hula chuma kisichopakwa rangi, na haipakiki rangi juu yake. Zipo aina tatu za kuchagua.

Gundi ya akriliki ya maji ndiyo rahisi kuitumia. Huoshwa kwa maji, hupakwa rangi, na huuzwa kwa bei ya chini. Udhaifu wake ni kwamba hunywea inapokauka kwa sababu maji yake hutoka, na baadhi ya aina za bei ya chini hugeuka ngumu zikapasuka. Soma lebo na uchague ile inayosema wazi kuwa inabaki ikinyumbuka. Inafaa ndani ya chumba, kwenye kona za bodi na dari. Gundi ya poliuretani hushika saruji na mawe kwa nguvu, hunyumbuka sana na hustahimili mvua, kwa hiyo ndiyo ninayoipendelea kwa sakafu, nyufa za ukuta na upande wa nje, ingawa huchafua mikono na hufutwa kwa spiriti kabla haijakauka, la sivyo haitoki. Silikoni isiyo na asidi, ambayo haina harufu ya siki, inafaa kwenye chuma na vioo vya madirisha. Zipo pia gundi zinazouzwa mahsusi kwa kazi ya sauti. Ni nzuri kwa sababu hubaki laini kwa miaka mingi, lakini kama huzioni madukani, usisimamishe kazi kwa ajili yake.

Povu linalopanuka lisikudanganye. Hujaza pengo kubwa kwa dakika chache, lakini ni jepesi mno na limejaa hewa, na sauti hupita ndani yake. Litumie kama kijazio cha nyuma tu, kisha ulikate ndani kidogo na kufunika kwa gundi pande zote mbili.

Kuhusu kiasi, gereji ya gari moja yenye mita 3 kwa 5.5 ina mzunguko wa mita 17. Mstari wa gundi kwenye kona ya sakafu na mwingine kwenye kona ya dari ni mita 34. Mstari wa kona wenye upana wa milimita 10 kila upande hutumia takriban mililita 50 kwa mita, kwa hiyo tyubu moja ya mililita 300 inafika mita 6. Hiyo ni tyubu sita kabla ya kugusa mlango, madirisha na nyufa. Nunua kumi, na usiziache ndani ya gari juani.

Kuandaa

Gundi haishiki vumbi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mtu mwenye haraka hupaka juu ya plasta inayomong'onyoka, na baada ya miezi michache mstari mzima hutoka kama utepe. Kwangua kwa patasi plasta yote iliyolegea, fagia mwanya kwa brashi ngumu, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Sakafu ya gereji iliyowahi kuhifadhi gari ina madoa ya oili, na madoa hayo lazima yasuguliwe kwa sabuni ya unga na maji ya moto, yaoshwe, na kuachwa yakauke kabisa. Chuma chenye kutu kipigwe msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwanza. Kama umejenga ukuta mpya mahali pa mlango wa zamani, usikimbilie kuziba kiungo chake na ukuta wa zamani. Mchanganyiko mpya wa saruji hunywea unapokauka, na huchukua siku 28 kufikia nguvu inayotarajiwa.

Pengo linalozidi milimita 20 lisijazwe kwa gundi. Lijaze kwanza kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga, na uache mfereji mwembamba pembeni ambao utauziba kwa gundi baada ya saruji kukauka. Pengo la kati ya milimita 6 na 20 linahitaji kamba ya sponji ya kuweka nyuma, iliyo nene kuliko pengo kwa robo hivi ili ibane inaposukumwa ndani. Ukikosa kamba hiyo, kata vipande vya sponji nyeusi ambayo mabomba ya viyoyozi huvikwa. Kamba hii huzuia gundi isizame bila mwisho, na pia huiacha gundi ishike kuta mbili tu za mwanya bila kushika sehemu ya nyuma. Gundi iliyoshikwa pande mbili huvutika ukuta unapocheza, lakini iliyoshikwa pande tatu hupasuka katikati. Kina cha gundi juu ya kamba kiwe karibu nusu ya upana wa pengo.

Kupaka

Kata ncha ya tyubu kwa mshazari wa nyuzi 45, na tundu liwe dogo kidogo kuliko mwanya. Toboa utando wa ndani kwa msumari mrefu, weka tyubu kwenye bunduki yake ya kukamulia, na ukamue kwanza juu ya kipande cha katoni mpaka gundi itoke bila mapovu ya hewa. Shika bunduki imeinama, na uisogeze mbele ukisukuma gundi ndani ya mwanya badala ya kuivuta juu ya uso wake. Mwendo uwe mmoja. Ukienda haraka, mstari unakatika; ukienda polepole, unarundikana. Kila baada ya mita moja au zaidi kidogo simama, legeza mkono wa bunduki ili gundi isiendelee kutoka, na ulainishe mstari kwa kidole chenye glavu kilicholowekwa maji ya sabuni. Kidole hicho kinafanya zaidi ya kuremba. Ndicho kinachoibana gundi dhidi ya kuta mbili za mwanya, na utahisi mahali palipo na uwazi chini kwa sababu gundi itazama ghafla. Ongeza hapo mara moja.

Kama unataka ukingo ulionyooka, bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi pande zote mbili kabla ya kupaka, na uibandue gundi ikiwa bado mbichi.

Sehemu zinazohitaji uangalifu

Mbao ya chini ya ukuta wa jipsamu isilazwe moja kwa moja juu ya sakafu iliyoinama. Weka mistari miwili minene ya poliuretani sakafuni, moja kila upande, kisha ulaze mbao juu yake na kuifunga kwa skrubu kabla gundi haijakauka. Bodi zenyewe zikatwe fupi kwa milimita 5 kuanzia sakafuni na kwenye kuta, na nafasi hiyo ijazwe gundi. Ukipiga tabaka mbili za bodi, ziba tabaka la kwanza lote kabla ya kupiga la pili, na viungo vya la pili visilingane na vya la kwanza.

Juu ya ukuta, kila mkunjo wa bati uzibwe kwa mchanganyiko wa saruji ukiwa nje, kisha ndani kiungo cha saruji na mbao kizibwe kwa poliuretani. Usitegemee hapo ndipo umemaliza na paa. Mvua ya alasiri ya Kisumu inapopiga mabati hugonga bati lenyewe, na gundi haiwezi kuizuia sauti hiyo. Dari nzito ya jipsamu iliyozibwa kingo zake zote ndiyo itakayoipunguza.

Sasa umeme. Bomba la nyaya ni mrija wazi unaotoka swichi moja hadi nyingine, mara nyingi kupitia ndani ya ukuta hadi sebuleni au chumba cha jirani katika nyumba zilizoungana. Unaweza kuziba chumba kizima, na bado mtu aliye sebuleni akasikia maneno kupitia soketi. Zima umeme kwenye meni swichi na uhakikishe kwa kipimo kwamba nyaya zimekufa. Kazi ndani ya kisanduku cha swichi au soketi ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, aliyeambiwa wazi kwamba unataka mwisho wa kila bomba uzibwe kwa udongo laini wa kuzibia unaostahimili moto, ambao unaweza kutolewa baadaye nyaya zikihitaji kubadilishwa. Kisanduku chenyewe kisijazwe povu wala silikoni. Wewe ziba kwa akriliki kati ya ukingo wa nje wa kisanduku na ukuta. Soketi mbili zisipangwe kupeana migongo kwenye ukuta mmoja.

Mlango una viungo vya aina mbili. Kiungo kati ya fremu na ukuta hakisogei, na hicho huzibwa kwa gundi pande zote mbili. Kiungo kati ya mlango na fremu husogea kila siku, na gundi haina kazi hapo. Tumia raba ya kubandika inayominywa mlango unapofungwa, na kizingiti chenye raba chini. Mlango wa chuma wa gereji ukibaki ulivyo utavuja hata ukihangaika, kwa hiyo kama bajeti inaruhusu, jenga ukuta mahali pake na uweke mlango mmoja mzito wa mbao.

Kwenye madirisha, ng'oa pati yote iliyopasuka, safisha chuma, na uweke silikoni isiyo na asidi kuzunguka kioo.

Kukauka na kupima

Poliuretani na silikoni hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, kwa hiyo hewa ya ziwani inazisaidia. Kwa kawaida hukauka kwa kina cha milimita 2 au 3 kwa saa 24, na mstari mnene unahitaji siku kadhaa bila kuguswa. Akriliki hufanya kinyume, hucheleweshwa na unyevu, na ikinyeshewa kabla haijakauka huoshwa. Maliza kazi ya nje asubuhi. Nyakati ambazo wadudu wa ziwani huja kwa makundi, usipake gundi jioni taa ikiwa inawaka na mlango wazi, kwa sababu watajaa kwenye gundi mbichi na kila mmoja wao ataacha kitundu. Akriliki ikishakauka itakuwa imezama. Pitisha mstari wa pili juu yake. Kisha rudia majaribio yote ya mwanzo, tochi, moshi na redio, na uzibe kinachobaki.

Hewa ya kupumua

Chumba kilichozibwa vizuri hakina hewa ya kutosha kwa kwaya ya watu kumi, na matundu uliyoyafunga yalikuwa na kazi yake. Badala yake jenga visanduku viwili vya mbao nzito, kimoja cha kuingiza hewa na kimoja cha kuitoa, vyenye njia ya ndani inayopinda kona angalau mbili na kuta zilizobandikwa sufu ya madini (rockwool), na feni ndogo kwenye kile cha kutolea. Hewa hupita kwenye kona hizo, lakini sauti hupotea ndani yake. Ziba kingo za nje za kila kisanduku kama ulivyoziba kingine chochote. Kwa hali yoyote ile usiwashe jiko la makaa, jenereta au injini ya gari ndani ya chumba hicho au mlangoni pake, kwani moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua.

Baada ya mvua za Machi hadi Mei, na tena mwishoni mwa kiangazi, kagua viungo vyote vya sakafu na nyufa ulizoziba. Gundi iliyoachana na ukuta upande mmoja isipakwe nyingine juu yake. Ikate yote kwa kisu, safisha mwanya, weka kamba mpya ya sponji na uanze upya katika sehemu hiyo tu.